Kisahani cha Mchanga

Kilikuwa kwenye pembe ya chumba, kati ya mlango na kichwa cha kitanda. Kisahani cha bati, cheupe, ukingo wa buluu uliochunika, vile vya zamani ambavyo siku hizi unavikuta kwa wazee tu. Ndani yake mchanga. Mchanga mkavu, safi, kama uliochekechwa.

Nilikiona.

Nilikiona kabisa, nikadhani ni cha kuwekea chetezo, nikarudisha macho kwenye karatasi.

"Bibi, kuoga unaweza mwenyewe?"

"Naweza, mwanangu."

Nikaweka vema.

"Kwenda haja?"

"Naweza."

Vema.

"Kuvaa nguo?"

"Ala! Kuvaa nguo mtu mzima atashindwaje?"

Vema, tukacheka wote wawili. Mkamwana wake alikuwa amesimama mlangoni anajifuta mikono kwa upindo wa kanga. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu. Hilo nalo nililiona.

Dakika 25 nikawa nimemaliza. Nikapewa kahawa na kashata, nikaaga, nikapanda baiskeli yangu na furaha ya mtu aliyemaliza nyumba nne kabla ya adhuhuri.

Wiki zimepita. Kisahani kile hakijatoka kichwani, ndiyo maana naandika.

## Halua ya mzee wa jirani

Mnaonisoma siku zote mnaijua kazi yangu ya kupita majumbani kwa wazee na kujaza fomu, sitairudia. Niseme tu kwamba fomu ile ilikuwa ya mradi ambao sitautaja, wa wazee wa mitaa yetu ya Tanga mjini. Alama za shida zikitosha, mzee anaingia kwenye orodha: atatembelewa nyumbani, na huenda akapata gongo, kiti mwendo au pampasi za watu wazima. Zisipotosha, anapewa pole na kukumbushwa kwamba hospitali kuna dirisha la wazee. Nyumba ile alama hazikutosha. Hazikukaribia hata.

Bibi mwenyewe nitamwita Bi. Mwanakombo. Si jina lake. Anakaa Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, na namba naibana. Nyumba mnaijua hata bila kuingia: baraza mbele, ukumbi unaopasua katikati, vyumba huku na huku, mlango wa nyuma, ngazi mbili za saruji, halafu uani. Jiko uani, choo uani, bafu uani, bomba uani.

Ngazi mbili. Nilizikanyaga mwenyewe nilipokwenda kunawa mikono.

Basi kama wiki tatu baadaye nikaenda kumjulia hali mzee mmoja jirani yangu huku Makorora, katoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kavaa miwani myeusi, anatania kila anayeingia. Nikaletewa halua kwenye kibakuli. Adhana ya alasiri ikalia. Mzee akamwita mjukuu: "Niletee mchanga wangu."

Mtoto akaja na sahani.

Mzee akaupiga mchanga kwa viganja, akakung'uta, akapitisha viganja usoni taratibu akilikwepa jicho, kisha mikononi. Akageuzwa kibla, akaswali hali amekaa.

Na mimi nimeduwaa, halua mdomoni.

Alipomaliza nikamwuliza. "Daktari kanikataza maji yasiniingie jichoni, mwanangu. Hii ndiyo tayamamu, udhu wa mchanga. Mgonjwa, au mtu aliyekosa maji, Mungu kamwekea wepesi."

Mimi ni Mbondei wa Muheza, nimekua nikisikia kengele ya kanisa la Magila. Tanga mjini nina miaka kumi na moja, adhana tano kwa siku zimekuwa ndiyo saa yangu ya ukutani. Neno tayamamu nilishalisikia, pengine hata kwenye mtihani wa shule. Kuona watu wakiifanya, sikuwahi. Au niseme niliwahi kuona sahani yake, nikaipita.

Kwa sababu Bi. Mwanakombo hana ugonjwa wa jicho. Na bomba la kwake linatoa maji tangu asubuhi.

Maji yapo. Basi asiyefika ni nani?

## Orodha ya Cleveland

Usiku ule sikulala vizuri. Nikatoa daftari langu la mafunzo, lile lenye jalada la gazeti.

Maswali yetu yale yana ukoo wake. Mwaka 1963 daktari Sidney Katz na wenzake, huko Cleveland, Marekani, walichapisha orodha ya mambo sita waliyoyafuatilia kwa wazee, wengi wao waliovunjika nyonga: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kujizuia haja, na kula. Wakaona jambo ambalo kila aliyeuguza mzee analijua bila kuandikiwa. Mambo haya yana foleni. Kuoga huwa ndiko kunakotangulia kuondoka, kula hubaki mwisho. Na anayepona huyarudia kinyumenyume, kama mtoto anavyokua: kula kwanza, kuoga mwisho.

Kwa hiyo kwenye kuoga ndiko ufa wa kwanza unakoonekana.

Na ndilo swali ambalo mwanamke wa pwani, wa miaka sabini na ushei, hatamjibu mgeni mwenye kalamu.

Mwaka 1969 wakaja Lawton na Brody na orodha ya mambo nane mazito zaidi: simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa, fedha. Katika hesabu yao ya mwanzo wanaume hawakupimwa kupika, usafi wala kufua. Tulipofundishwa hilo darasa zima lilicheka. Nilicheka na mimi, sikwenda mbele ya kicheko: kwamba kila orodha ina mji wake. Anayeitunga huandika yale ambayo kwao yanamfanya mtu ahesabiwe mzima. Wa Cleveland hawakuandika kutawadha, hawana kosa. Wenye kosa ni sisi tulioitafsiri, tukaileta Ngamiani, tukaipitisha nyumba kwa nyumba bila kuiongezea hata mstari mmoja.

Hebu fikiria kutawadha kunataka nini. Uyafikie maji. Uiname. Kiganja kishike birika. Uinue mguu mmoja umesimamia wa pili, juu ya saruji iliyoloa, uuoshe mpaka kifundoni, kisha ubadilishe. Na ya kwanza ni gizani, kabla jua halijatoka. Katika vipimo vyote vya viungo nilivyofundishwa sijaona kinachomtaka mzee afanye hayo, mara tano kwa siku, kila siku, na afanye vizuri kwa sababu anayemtazama ni Mungu.

Ningemwuliza tu, "Bibi, udhu unautiaje siku hizi?" ningepata nusu ya fomu.

## Kujiweza

Fomu ilikuwa na safu tatu: Anajiweza. Anajiweza kiasi. Hajiwezi.

Semeni kweli, nani kati yenu angeandika "hajiwezi" mbele ya jina la mama yake? Kwa Kiswahili chetu hajiwezi ni yule wa kulala na kugeuzwa. Ni fukara wa kuchangiwa sanda. Na wanaume wakilinong'ona barazani wana maana yao nyingine kabisa. Neno moja limebeba mwili, mfuko na jina la mtu. Halafu mimi namwuliza mwenye nyumba yake, mkamwana wake anasikia, mjukuu anasikia: unajiweza?

Atasema nini?

Sasa naona ile "naweza" yake ilikuwa ndugu wa "sijambo". Mtu ana homa ya siku tatu, ukimwamkia atakuitikia hajambo. Ukae, ule, uulize watoto, ndipo atasema, "Ila kidogo mwili huu..." Mimi niliandika sijambo, nikapanda baiskeli kabla ya "ila".

(Na kuna neno jingine, mteja. Fomu nzima ndilo: jina la mteja, umri wa mteja, mlezi wa mteja. Siku ile mjukuu wa darasa la sita alikuwa anasoma begani kwangu, akapiga ukelele uliofika uani: "Bibi kaandikwa mteja!" Mateja wa mji huu mnawajua ni akina nani. Bi. Mwanakombo alicheka mpaka akatoa machozi. "Mwanangu, mie na uzee huu ndiyo nianze kuvuta unga?" Tulicheka, lakini neno lile nimeliacha. Naandika jina la mtu, basi.)

## Sauti kutoka Leeds

Nina mwenzangu tuliyesoma naye chuo, sasa yuko Leeds, Uingereza, anahudumia wazee nyumba kwa nyumba. Nikamtumia ujumbe wa sauti wa kulalama. Akanijibu wa dakika nne, upepo unavuma nyuma yake.

Akasema England kuna sheria ya matunzo ya mwaka 2014, na kanuni zilizofuata mwaka 2015 zimesema wazi kuweza ni nini. Mtu anayefanya jambo bila kusaidiwa, ila kwa maumivu makubwa, au kwa dhiki na hofu kubwa, anahesabiwa kuwa haliwezi. Akilifanya kwa kuhatarisha afya yake au ya mwingine, haliwezi. Akilifanya kwa muda mrefu uliopita kiasi, haliwezi.

Nikarudia kusikiliza mara tatu.

Huko, anayeweza kwa maumivu anaandikwa hawezi. Kwetu ndiye anayesifiwa siku ya hitima: alikuwa mvumilivu mama yule, hakumsumbua mtu.

Akaongeza la pili. Sheria hiyohiyo inampa mlezi wa nyumbani haki ya kutathminiwa yeye mwenyewe, mahitaji yake, sio kuchungulia tu kama anamtunza mgonjwa vizuri. Fomu yetu ilikuwa na mstari mmoja wa hilo: "Mlezi: yupo / hayupo." Niliweka vema kwenye yupo. Mlezi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni anatazama sakafu.

Kabla sijaanza kuwatamani, mwenzangu akamalizia hivi: "Ila usidhani peponi huku. Bibi niliyetoka kwake sasa hivi nimepewa dakika 15. Kumwosha, kumvika, chai, dawa. Ananiuliza mama yangu hajambo, namjibu nimeshashika kitasa." Kisha nikasikia mlango wa gari.

## Nikarudi bila karatasi

Nilisita wiki nzima.

Kurudi kufanya nini? Kumwambia bibi wa watu kwamba nimemfumania? Tuna methali zetu: mficha uchi hazai, mficha maradhi kifo humuumbua. Mikutano yetu ya uhamasishaji haimaliziki bila mojawapo. Lakini pwani hii ina neno jingine, na hilo watu huliombea dua: sitara. Mungu atusitiri. Mungu amsitiri mja wake. Kazi yangu mimi ni kuingia katika vyumba vya watu na kalamu, nikauliza walichokisitiri kiko wapi, kisha nikakitia kwenye faili. Nimeifanya miaka yote hii kwa nia njema na sikuwahi kuitazama hivyo. Sasa nikiitazama sijui niiweke wapi. Bado sijui.

Nilikwenda Alhamisi mchana, machungwa ya kwetu Muheza yamejaa kikapu cha baiskeli. Begi la fomu nikaliacha nyumbani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karatasi zako leo ziko wapi?"

"Leo nimekuja kukutazama tu."

"Haya, kaa kitako."

Alikuwa anasuka ukili. Nikakaa mkekani. Tukasema bei ya nazi, tukasema mvua, tukamsema kidogo jirani anayemwaga maji machafu barabarani. Mkamwana alikuwa uani, namsikia anakuna nazi. Ndipo nikamwuliza jambo ambalo silikuti kwenye fomu yoyote.

"Bibi, hebu nisimulie jana. Tangu ulipofumbua macho."

Hapa nisimame kidogo kwa wale tunaofanya nao kazi hii. "Unaweza?" ina majibu mawili, na la pili ni zito kulitamka. "Nisimulie jana" haina hapana ndani yake. Mtu anaifuata siku yake tu, na ukinyamaza inajisema.

Jana yake ilikuwa hivi. Aliamka kabla ya adhana. Akakaa kitandani "mpaka miguu inikubali". Hakumwamsha mtu. Akaswali. (Kwa udhu gani, hakusema. Sikuuliza.) Chai aliletewa chumbani, akanywa nusu kikombe.

"Mbona nusu, bibi?"

"Kinachoingia hutoka, mwanangu."

Nikanyamaza. Mchana wa Tanga mnaujua, joto lile la kugandisha nguo mgongoni. Bibi anakunywa vikombe viwili vya nusunusu kutwa nzima, ili safari ya uani iwe moja tu. Safari yenyewe ni adhuhuri, jua limeshakausha saruji na mkamwana yuko karibu, jikoni. Anashikwa? "Nashika mlango, nashika bega lake. Yeye hajui kama namshika, anadhani nampapasa."

Mkamwana anajua, nilikuja kumsikia baadaye.

"Na kuoga?"

"Naoga."

"Jana ulioga saa ngapi?"

Akacheka, akaupiga ukili pajani. "Jana haikuwa Ijumaa."

Wakati anacheka nikatazama ukuta. Kutoka kitandani hadi mlangoni, usawa wa kiuno, chokaa imeshika weusi wa kiganja, mstari mmoja mrefu kama uliochorwa. Unafika kwenye fremu ya mlango, unakatika. Huko nje ni ukumbi, mpana, hakuna cha kushika hadi mlango wa nyuma. Siku ya kwanza nilikaa nimeupa mgongo ukuta huo, nikijaza kama kuna vifaa vya kutembelea. Hakuna, niliandika.

Nikaazima kiti cha plastiki kwa jirani. Katika mwongozo wao wa 2019 wa huduma za wazee, Shirika la Afya Duniani wana kipimo chepesi: mtu akae kitini, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 5. Akishindwa kuzimaliza ndani ya sekunde 14, miguu yake inataka kuangaliwa zaidi. Sikukifanya siku ya kwanza kwa sababu chumba kile hakina kiti. Kina kitanda na mkeka.

"Mnanipima kama kuruta," akasema, lakini akakunja mikono.

Ya kwanza akainuka. Ya pili akainuka, akashusha pumzi. Ya tatu mikono ilijikunjua yenyewe, akashika goti langu.

Hatukuhesabu tena. Mkono ukabaki pale gotini. Akatazama ile pembe, akanitazama mimi.

"Umekiona kile."

"Nimekiona, bibi."

"Maji yapo. Nikimwomba huyu mtoto ataniletea, hana neno. Lakini mara tano? Na ya alfajiri? Ni mtoto wa watu huyu, hakuolewa hapa nimgeuze mtumishi." Akauvuta ukili, akauacha. "Sijui kama naruhusiwa. Maalimu yupo hapo nyuma, sijamwuliza. Naogopa atanijibu."

Nikamwomba nirudi na karatasi, tuandike upya, labda watamwangalia tena.

Alikaa kimya kitambo.

"Andika mguu," akasema. "Mchanga uache."

## Andika mguu

Nikaandika mguu.

Nilirudi Jumatatu na fomu mpya, na safari hii kila mstari niliusoma kwa sauti kabla ya kuutia wino: "Hili niandike?" Goti la kulia limevimba, niandike. Hafiki uani bila kushika mtu, hapo alifikiri, kisha andika. Anapunguza kunywa ili asiende chooni, andika, "labda daktari atanigombeza nipate kunywa". Kuoga mara moja kwa wiki.

"Andika mara mbili."

Nikaandika mara mbili. Msinipigie kelele. Alama zinabaki zilezile, na kile kilichobaki ni chake.

Mwenzangu wa kazi, ambaye namheshimu, anasema nimekosea. Kwake mchanga ndio ulikuwa ushahidi mkubwa kuliko yote. Mtu yeyote wa Tanga anayesoma angeelewa papo hapo, hata asiyejua maana ya sekunde 14. Maelezo pungufu, anasema, huzaa huduma pungufu. Ana hoja, na nimeshindwa kumjibu vizuri. Ninachojua ni kwamba mafaili yetu yanakaa wazi juu ya meza, na nusu ya wanaopita kwenye meza ile ni watoto wa mitaa hiihii. Jioni moja tu lingefika kwenye baraza za kahawa: Bi. fulani anatayamamu na maji yapo.

Nimeisoma sera ya wazee ya mwaka 2003. Inasema mzee ni mtu wa miaka 60 kwenda juu, na inasema mambo mengi mazuri juu ya matunzo. Haikuwa na namna ya kunisaidia kwenye swali la mchanga. Sidhani kama ipo sera inayoweza.

## Mtoto wa watu

Mkamwana alinisindikiza hadi kwenye baiskeli. Nilimwambia nilimwona siku ile ya kwanza mlangoni.

"Dada, ulitaka niseme nini? Mbele yake niseme hajiwezi? Halafu ile nyumba niishi vipi?"

Kisha likatoka lote, pale pale juani, ameshika mpini wa baiskeli yangu kama ndio unaomzuia asianguke. Anaamka saa kumi usiku kukanda mahamri ya kuuza. Mumewe ni dereva wa lori, Horohoro na kurudi, akija amelala. Mtoto mdogo hajaachishwa ziwa. Mgongo unamkata tangu uzazi ule. Mchanga anaujua tangu Ramadhani. Yeye ndiye anayeuchekecha na kuubadilisha mama mkwe akilala, na hawajawahi kusemezana habari zake.

"Nikimpelekea maji anasema nitachoka, kisha nitamchoka. Sasa mimi nifanyeje? Nikimwambia sichoki ni uongo, anauona."

Fomu yangu ilisema mlezi yupo.

Niliuliza kitu kimoja tu: saa kumi usiku, ukiwa unakanda, taa ya jikoni iko wapi? Akanionyesha. Kutoka dirisha la Bi. Mwanakombo inaonekana. Yaani muda wote huo wanawake wawili wako macho, huyu anasubiri miguu imkubali, yule anakanda unga, kila mmoja anamwonea mwenzake huruma asimwamshe.

Hapo nikacheka, na yeye akacheka, akajifuta macho kwa upindo uleule wa kanga.

Mengine yalikwenda haraka. Fundi wa mtaani alichomelea bomba mbili za kushikia: moja pembeni ya zile ngazi, nyingine imepita ukutani ukumbini hadi mlango wa nyuma, baada ya makabati kusogezwa. Mtoto wa kiume alilipa, na kununa kidogo kwamba hakuambiwa mapema. Hospitali walikwenda, goti limesagika, kapewa dawa na mazoezi ya kunyoosha mguu ambayo anayafanya akimwona mtu anaingia. Chumbani kuna kigoda, beseni na birika. Usiku mkamwana anajaza birika kabla ya kulala. Bibi anakaa kigodani, miguu juu ya beseni, anatawadha gizani bila kusimama kwa mguu mmoja. Orodha ya mradi bado tunaisubiri.

Kuhusu makala haya, nilimwomba ruhusa kabla, nikamweleza kwamba na mchanga nitausema, ila bila jina wala namba ya barabara. Akafikiri muda mrefu kuliko alivyofikiri kwenye fomu. "Huko kwenye masimu yenu nani ananijua? Ila useme chumba kilikuwa kisafi."

Chumba kilikuwa kisafi sana.

Wiki iliyopita nilipita tena. Kachangamka, kikombe kimejaa. Ukuta wa chumbani umepakwa chokaa mpya, ule mstari wa kiganja haupo. Nilipoinama kuokota ukili ulioanguka nikakiona chini ya kitanda, kimesogezwa ndani. Kisahani cha bati, ukingo wa buluu. Mchanga umebadilishwa.

Sikusema kitu, ila aliona ninapotazama. Akakisukuma kwa ncha ya gongo, ndani zaidi.

"Beseni halijimwagi lenyewe, mwanangu. Kuna siku naye huchoka."